Mchanga Ndani ya Ndoo za Kura

Mara ya kwanza mama yangu alipogombea uenyekiti wa kikundi chetu cha waanika dagaa, pale Igogo kando ya ziwa, alishindwa kwa kura moja, na sote tuliijua ni ya nani. Ilikuwa ya mkwe wake, mume wa dada yangu.

Tulichagua kwa mlolongo. Wagombea walisimama mbele ya vichanja vya kuanikia, kila mwanachama akajipanga nyuma ya anayemtaka, katibu akahesabu vichwa. Njia hiyo ni ya haraka na haimtaki mtu ajue kusoma. Lakini kwa desturi yetu Wasukuma, mwanamume hasogeleani na mama mkwe wake, sembuse kusimama mgongoni kwake. Shemeji alibaki ukutani, mikono nyuma, na katibu hakumhesabu. Mwenyekiti aliyekuwapo akarudi kitini, akaendelea kuwapa ndugu zake vichanja. Sisi wengine tukaendelea kuanika chini.

Nilidhani mama atamlaumu shemeji. Aliniambia tu, "Kosa si la mtoto wa watu. Kosa ni la mlolongo."

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, alileta mapendekezo mawili mkutanoni. Kura iwe ya siri. Na mshindi apate zaidi ya nusu. Asipopatikana, wawili wa juu warudie.

"Tukigombea watatu," alieleza, "mtu anaweza kuongoza na bado wengi wenu hamumtaki."

Mzee mmoja mshona nyavu akauliza, "Kwa hiyo mama, tupige kura mpaka dagaa waoze?"

"Wako walishaoza, baba. Wanunuzi wanakuonea haya tu."

Watu walicheka sana, na mapendekezo yakapita.

Katibu akaleta ndoo tatu nyuma ya pazia la khanga, kila moja imefungwa kitambaa cha mgombea wake. Kura ilikuwa punje moja ya mahindi. Tulipofanya majaribio, punje iligonga chini ya ndoo tupu, na sote tuliokuwa nje tukajua ni ndoo ya kushoto. Mama alishuka ziwani, akarudi na karai la mchanga, akamimina kidogo katika kila ndoo. Katibu akadondosha punje nyingine. Kimya.

Siku yenyewe tulikuwa arobaini na mmoja. Shemeji aliingia nyuma ya pazia kama wengine, akatoka akiangalia chini. Kisha katibu na mashahidi wawili wakachekecha mchanga mbele yetu kwa chekeche lile lile la dagaa. Mama alipata punje kumi na nane. Mama mmoja mhamiaji kutoka Kagera, kumi na nne. Mwenyekiti wa zamani, tisa.

Vigelegele vikapigwa. Katibu alikuwa ameshafungua daftari.

"Andika jina, tufunge kikao," jirani yetu mmoja alisema. "Jua linapanda."

Mama akasimama. "Tuko arobaini na mmoja. Nusu imezidi wapi hapo?"

"Lakini mama, unaongoza."

"Naongoza, sijashinda. Bado tatu. Rudisheni mchanga."

Kwa utaratibu wa zamani angekuwa mwenyekiti tangu dakika ile. Nimejivunia watu wengi maishani, lakini hakuna niliyemjivunia kama mwanamke yule, akisimama mbele ya watu kudai kura tatu asizokuwa nazo.

Mzunguko wa pili uliwabakiza yeye na yule mama wa Kagera. Mchanga ukachekechwa tena. Mama ishirini, mwenzake ishirini na moja.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mshindi mkono. Wiki ile ile mwenyekiti mpya alibandika orodha ya zamu za vichanja, ndugu kwa wageni. Sisi tuliangukia Alhamisi.

Siku ile ya kura tulirudi nyumbani kwa miguu, shemeji akitembea upande wa pili wa barabara kama desturi inavyotaka. Nilishindwa kujizuia.

"Mama, unadhani safari hii alikupa kura?"

Alimtazama kwa mbali, akahamishia ndoo yake mkono wa pili. "Sijui," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda. "Na wewe usimuulize."