Simu Iliyonitangaza Baba Mtarajiwa

Watu wa mtaa wetu kule Mbagala hadi leo wakiniona wananiita Baba Mtarajiwa, na mie naitika, maana nikikataa itabidi nieleze, na nikieleza kicheko kinaanza upya. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuiona kwa mtu mwingine, kwa hiyo acha niisimulie mara moja tu, yote, halafu tuendelee na maisha.

Kazi yangu ni kubandika protekta na kubadilisha vioo vya simu, nina kibanda kidogo karibu na stendi. Shule niliishia kidato cha nne na cheti changu sikionyeshagi kwa mtu, lakini kwenye ndoto sijambo, nimeshakuwa rubani, mtangazaji wa mpira na (kwa wiki mbili hivi) mfuga nyuki. Sasa mwaka huu ikaja ndoto moja ikagoma kuondoka: kuwa mtafiti. Aliyeileta ni dada Anita, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea shahada ya juu, alikuja kubadilisha kioo cha simu, akakaa kwenye benchi langu kusubiri, akaniuliza:

"Baraka, ukienda dukani kwa Mangi ukamwambia nipe vile vya siku zote, anakupa nini?"

"Kipande cha sabuni na majani ya chai."

"Amejuaje?"

"Si ananijua, dada!"

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu. Ukitafuta kitu mtandaoni, ile mashine haikujui. Inalichukua neno lako tupu. Haijui uko wapi, ni asubuhi au jioni, jana ulikuwa unahangaika na nini. Mie nataka kuifundisha yote yanayolizunguka neno. Tunayaita muktadha."

Jamani, nilisimamisha kazi. Kumbe Mangi ni profesa na hatujui! Akaniambia anatafuta watu wa kujitolea, unawekewa programu kwenye simu wiki tatu, inaandika umetafuta nini, saa ngapi, ukiwa wapi, halafu mwishoni atachagua mmoja wao awe msaidizi wake wa kupita mitaani na fomu, mwenye kadi ya kuning'iniza shingoni. Ile kadi ya shingoni ndiyo ilinimaliza.

Fomu ikaja. Maswali mepesi tu, jina, umri, kazi, mpaka nikafika pale: "Simu hii inatumiwa na wewe peke yako?" Chini yake wameandika kwamba anayejibu hapana hataweza kushiriki. Nikaangalia kalamu. Nikaona kadi inaning'inia. Nikaweka alama kwenye Ndiyo.

Sasa ukweli ni huu. Nyumba yetu ina vyumba sita vya wapangaji, ua mmoja, bomba moja, na simu ya intaneti inayoeleweka moja, yangu. Wengine wana vitochi, vile vya kupiga na kupokea tu, au simu ambazo vioo vyake mie mwenyewe nimeshavikatia tamaa. Kwa hiyo simu yangu pale uani ni kama kinu cha kutwangia, ina mwenyewe lakini haikai kwake. Asubuhi inachukuliwa na mzee wa chumba cha mwisho anayefuga kuku, mchana na mama Juni, jioni na yeyote. Na alfajiri, kabla bomba halijajaa ndoo, anaichukua Zuhura.

Zuhura ni jirani wa mlango kwa mlango, mke wa dereva wa lori, anaishi na mama mkwe wake, bibi mmoja mzaliwa wa hapa hapa Dar tunayemwita Bi Mwanahawa, mwenye mdomo mwepesi na sauti ya kutosha mitaa miwili. Mara mbili Zuhura alishika mimba, mara mbili Bi Mwanahawa akatangaza mapema na kushonesha na vinguo, na mara mbili zikaharibika, vile vinguo vikagawiwa kimya kimya. Safari hii Zuhura aliniambia pale bombani, huku ameshika simu yangu kwa mikono miwili: "Kaka Baraka, mpaka itimie miezi mitatu hajui mtu. Hata mama yako. Nakuomba kwa Mungu." Nikamwambia kwangu limezama. Sikukumbuka kuna programu ndani ya simu inayoandika kila kitu. Kweli kabisa, sikukumbuka!

Wiki tatu zikaisha. Dada Anita akaandaa onyesho Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa ofisi ya serikali ya mtaa, akaalika majirani waje waone utafiti unafanyaje kazi, wakaja kweli maana kulikuwa na soda. Mama yangu alikaa mstari wa mbele na kina mama wenzake wa kwaya, amevaa kitenge kipya, kawaambia wote mwanangu leo anafanya mambo ya chuo kikuu. Bi Mwanahawa katikati. Zuhura nyuma karibu na mlango.

Dada Anita akawasha mashine ya kuonyeshea picha ukutani, akasema anahitaji mshiriki mmoja aonyeshe, ila kwanza apitie orodha ya alivyotafuta, kama kuna cha siri akifute. "Ni haki yako," akasema, "usione haya." Mie nilishasimama.

"Mie, dada!"

"Umepitia orodha yako?"

"Yangu haina siri, dada. Tuanze tu." (Hapo ndipo ningepigwa kofi moja la upendo, yote yangeisha.)

Akanipa kompyuta. Akaeleza watu kwamba kwanza nitatafuta kwa njia ya kawaida, halafu kwa njia inayonijua. Nikaandika: chakula cha asubuhi. Njia ya kawaida ikaleta chapati, supu, maandazi, watu wakaguna kwa njaa. Nikabonyeza ile inayonijua. Ukutani, kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili, ikaja:

"Chakula cha asubuhi kwa mama mjamzito mwenye kichefuchefu."

Chini yake: "Dalili za mimba ya miezi miwili." Chini yake tena, "Chakula cha vifaranga wa wiki ya pili," lakini hiyo hakuna aliyeisoma.

Side kinyozi akapaza sauti: "Baraka! Hongera baba!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Kuna mama wa kwaya aliyemwaga soda. Mie nikaona nibadilishe mada haraka, nikaandika mechi ya leo, kitu cha kiume, kisafi. Mashine ikafikiria ikaleta:

"Mechi ya leo inaisha saa ngapi mbona mume wangu hajarudi."

Jamani.

"Na mume wako karudi?" Side akauliza, na hapo hata mwenyekiti wa mtaa alifunika uso kwa faili.

Lakini dada Anita hakucheka. Aliniangalia kwa macho ya mtu anayejumlisha. "Baraka, hii simu anaitumia na mtu mwingine?" Na mie nikamwona Bi Mwanahawa anageuza shingo. Taratibu. Anaanza kuwapitia wanawake wa ua wetu mmoja mmoja, mama Juni, binti wa chumba cha pili, anakwenda nyuma, anaelekea mlangoni. Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, macho yake yananiambia kitu kimoja tu.

Nilikuwa na sekunde moja. Nikisema ndiyo, inatumiwa na wengi, mie nimepona na Bi Mwanahawa anamaliza hesabu yake. Nikajikuta nasema kwa sauti:

"Yangu peke yangu, dada. Hiyo ya kichefuchefu nilitafuta mie. Kuna mtu namsaidia."

Shingo ya Bi Mwanahawa ikarudi mbele. Ya mama yangu ndiyo ikanyanyuka, na mwili wote.

"Mtu gani? We Baraka! Binti wa nani?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

Hiyo "tutaongea nyumbani" ndiyo iliyonizika. Kelele zilizopigwa pale nadhani na wa Temeke walisikia. Mama akakaa chini, mwenzake akaanza kumpepea kwa khanga, na dada Anita akafunga kompyuta taratibu bila kuniangalia.

Ile wiki sitaisahau. Mama akinipakulia chakula ananong'ona sala. Akampigia mama mdogo Mbeya. Kina mama wa kwaya wakaja kuniuliza wazazi wa binti wanaishi wapi ili waende kujitambulisha kabla mambo hayajaonekana. Zuhura akanifuata bombani machozi yanamlenga.

"Kaka Baraka, nakwenda kumwambia mama yako. Siwezi kukuona hivi."

"Imetimia miezi mitatu?"

"Bado wiki mbili."

"Basi nyamaza, dada yangu. Mie mgongo mpana."

Lakini kwa dada Anita mgongo haukutosha, maana yeye nilimdanganya mara mbili, moja kwenye karatasi na moja mbele za watu. Jumatatu nikafunga kibanda nikaenda chuoni, nikasubiri mlangoni kwake mpaka saa saba. Nikamweleza yote, isipokuwa jina. Akaweka kalamu chini.

"Wiki tatu, Baraka. Wiki tatu naifundisha mashine mtu ambaye hayupo."

"Najua, dada. Nifute. Ila nipe kazi mie nikaulize upya ni kina nani hasa wanashika hizi simu."

"Kwa nini nikuamini?"

"Kwa sababu mie najua huo uongo unavyosemwa."

Akakataa. Alhamisi nikarudi, akakataa tena. Jumatatu iliyofuata nikaenda na daftari, nilikuwa nimewazungukia washiriki wenzangu wote, nimekaa nao, nimewaambia kwanza aibu yangu ndipo nikawauliza, na sikuandika jina hata moja, nimeandika tu: simu ya kwanza, mama na watoto wawili. Simu ya pili, wanakwaya watatu. Simu ya tatu, fundi na mteja wake yeyote. Dada Anita akalisoma daftari, akarudi ukurasa wa kwanza, akalisoma tena. Akaniambia kadi hanipi, kwanza mwezi mmoja wa majaribio, na siku nikimdanganya mara ya tatu nisimjue. Nikamwambia hata huo mmoja unatosha. Sasa hivi nazunguka mpaka Madale kule milimani na fomu zangu kwenye mfuko wa rambo.

Miezi mitatu ilipotimia Zuhura akamwambia mama mkwe wake, kisha akaenda mwenyewe kwa mama yangu. Mama akaja kibandani mbio na ndala, wateja wamejaa.

"Baraka, nisamehe mwanangu. Lakini mie mama yako ungeniambia tu!"

"Ungemwambia mama mdogo."

Akafikiria. "Kweli, ningemwambia."

Na mama mdogo alishachukua hatua. Kutoka Mbeya, kwa basi, kikaja kifurushi chenye jina langu, ndani kofia ya mtoto ya sufu, nzito, ya kufunika mpaka masikio, kwa joto hili la Mbagala! Nikampelekea Zuhura, akacheka mpaka akashika tumbo, akaitundika kwenye msumari mlangoni kwake, mchana kweupe, kila anayepita aione.

Mie nimeapa: karatasi ikiniuliza kitu, nitaijibu inavyoniuliza, siyo ninavyotamani. Na onyesho la kusimama mbele za watu nikabonyeza vitu, tafuteni mwingine.