Kitambaa cha Kompyuta

Nyumbani kwetu Nakuru hapakuwa na kitu kilichoachwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, viti vilivaa vitambaa migongoni na mikononi, na hata jagi la maji lilikuwa na kofia ya nyuzi yenye shanga ukingoni. Mama alivifuma vyote mwenyewe kwa kroshia, na mgeni akisema nyumba inapendeza, alikuwa anasifu vitambaa. Mimi nilikua nikivichukia kimyakimya, kwa sababu kila Jumamosi ni mimi niliyevifua, nikavitia wanga, nikavipiga pasi na kurudisha kila kimoja mahali pake. Ukikosea ukaweka cha redio juu ya stuli, ulisikia.

Lakini kabla hujamcheka mama, lijue vumbi la Nakuru. Wakati wa kiangazi upepo wa mchana uliinuka upande wa ziwa ukaja na vumbi jeupe, laini kama unga uliochekechwa. Lilipita chini ya mlango, likapita kwenye tundu la ufunguo, likaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ulifuta meza asubuhi, na baada ya chakula cha mchana ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kufunika vitu hakukuwa urembo peke yake.

Mwanzoni mwa 2007 nilimaliza kozi ya kompyuta mjini. Nilijua kuchapa, na nilijua kuifungua mashine na kuifunga bila kubakisha skrubu mkononi, jambo ambalo wengi darasani hawakuliweza. Kazi ndiyo ilikosekana. Wenzangu walikuwa wanateremka Naivasha mmoja mmoja kwenye mashamba ya maua, nami nilikuwa nimeshaambiwa kuna nafasi. Baba alikuwa ametutoka miaka mingi nyuma, kaka zangu walikuwa wameoa na kwenda zao, kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na mama tu. Alinisubiri nimalize kula, akaniuliza, "Ukiwa na kompyuta yako hapa kwa nyumba, utakaa?"

Nikamwambia nitakaa. Wiki hiyohiyo akapanda kwenda Molo kwa dada yake, aliyekuwa anamfugia ng'ombe wake wa maziwa, akamuuza ng'ombe ili ninunuliwe kompyuta. Mama alimpenda yule ng'ombe. Alikuwa akiuliza habari zake kwenye simu kabla hajauliza habari za watu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, imeshatumikia ofisi fulani ng'ambo, na ubavuni ilikuwa bado na kibandiko cha wenyewe. Monita yake ilikuwa ya zile za kizamani zenye kisogo kirefu, na chini ya meza likakaa lile sanduku kubwa ambalo sote tuliliita CPU. Tuliiweka sebuleni karibu na dirisha la barabarani. Nikaandika kibao kwamba nachapa na kutengeneza simu, nikaanza kazi. Nilichapa mitihani ya shule za karibu, wasifu wa vijana waliotafuta kazi, na programu za mazishi, ambazo hazikukosekana. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwenye kazi yoyote ya mshahara, nalisema hilo bila haya.

Za simu zilikuwa kazi rahisi zaidi, ingawa sikuwaambia wateja. Nyingi hazikuwa zimeharibika, zilikuwa chafu tu. Kina mama walizibeba kifuani, jasho likaingia kwenye vitufe. Mwenye posho mill, anayesaga mahindi, aliniletea simu iliyojaa unga hadi kwenye tundu la chaja. Niliondoa betri kwanza, nikapitisha mswaki mkavu, kisha pamba yenye spiriti kidogo kwenye yale meno ya shaba, nikaiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudishia betri. Hapo ndipo watu walipokosea. Simu ikiingia maji waliiwasha upesi waone kama imepona, na kule kuiwasha ndiko kulikoiua.

Basi siku moja nikatoka kwenda kununua karatasi, nikarudi nikakuta kompyuta imezima. Nikadhani ni stima, umeme umepotea. Mama akasema stima haikupotea. Nikaiwasha, ikakubali, ikafanya kazi mpaka jioni bila tatizo. Kesho yake nikatoka tena, nikarudi, imezima. Na ilikuwa inazima katikati ya kazi niliyoiacha, kwa hiyo mtihani wa darasa la sita niliuchapa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nauchapa kwa hasira.

Nilifanya kila nililofundishwa. Nilibadilisha waya wa stima. Nilisaka virusi. Nilitoa kadi ya RAM, ile ya kumbukumbu, nikaisugua meno kwa kifutio cha penseli, kama tulivyofanya darasani, nikairudisha mpaka ikalia tik pande zote mbili. Haikusaidia. Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni, na kila mashine ilipozima uso wake ulififia kuliko wangu. Sote wawili tulijua bila kutamka: ikifa ile, ng'ombe ameenda bure, na mimi nashuka Naivasha.

Nikaamua tatizo ni RAM ndogo, nikaenda mjini kwa mzee mmoja Kalasinga, Singasinga mwenye kilemba, aliyeuza vipuri vya kompyuta nyuma ya duka la familia yake la vyuma. Alizaliwa Nakuru, baba yake alizaliwa Nakuru, na hakuwa na haraka na mtu yeyote. Kikokotoo chake kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, akibonyeza juu kwa juu, kwa sababu ya lile lile vumbi.

"Mzee, nataka RAM kubwa kuliko hii," nikamwambia.

"Ya nini? Machine iko slow?"

"Inazima yenyewe."

"Inazima saa gani?"

Nikafikiri. "Nikiwa nimetoka."

"Na ukiwa umekaa hapo?"

"Haizimi."

Akaisukuma ile kadi ya zamani irudi upande wangu wa kaunta. "Basi usinunue kitu leo. Kama inazima ukiwa umetoka, usiulize machine. Uliza mwenye hubaki nayo."

Nilirudi nimekasirika, maana nilikuwa nimejiandaa kununua. Nilipofika getini nililiinua komeo polepole lisilie, nikazunguka kwa mlango wa nyuma. Kompyuta yangu ilikuwa imevaa. Monita ilikuwa na kitambaa cha sufu rangi ya maziwa chenye maua manne ya bluu, kimeshuka kisogoni kote na kuziba yale matundu ya juu. Lile sanduku chini ya meza lilikuwa na cha kwake, kimezungushwa mpaka nyuma kwenye feni na kufungwa kwa utepe. Vyote vilikuwa vipya. Mama alikuwa ameketi kando akimalizia ukingo wa cha tatu, cha kibodi.

Siku zote hizo komeo la geti lilikuwa linampigia kengele. Alikuwa akilisikia, anavua vitambaa, anavificha chini ya mto wa kiti, kwa sababu siku ya kwanza kabisa nilimwambia kompyuta si televisheni na sitaki kuona kitambaa juu yake.

"Mami, unaipika!" nikasema.

"Naikinga na vumbi. Wewe unaiacha wazi ikimeza vumbi yote ya Nakuru, halafu unashangaa inakufa."

"Inazima kwa sababu ya joto. Hii kitu inapumua. Ukiziba hapa nyuma inashindwa, inajizima isiungue."

Alishika kile kitambaa cha sanduku, akakuta kina joto kama nguo iliyotoka kwa pasi. Akakaa chini. "Mimi nilijua ikiharibika utaenda," akasema. "Nani atabaki na mimi hapa? Hii redio?"

Hasira yangu ikaniishia hapohapo, nikabaki nimesimama na kadi yangu ya RAM mkononi.

Tukafanya mapatano. Kitambaa kingewekwa mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Kila jioni nilipoizima mama alisubiri, akapitisha kiganja nyuma ya sanduku kama anayempima mtoto homa, na akiridhika akaivisha. Mwisho wa kila mwezi tulichomoa waya zote, nikagusa chuma cha dirisha kwanza ili stima ya mwilini isiunguze vipuri, nikafungua ubavu wa sanduku. Mama alishika feni kwa kidole isizunguke ovyo, nami nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli na kumalizia kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Mashine haikuzima tena. Wala sikununua ile RAM, kumbe haikuhitajika.

Kisha ikaja ile Januari ya 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi. Yaliyotokea yanajulikana, na mimi si wa kuyasimulia upya. Kwetu yalifika kwa sura ya mama mdogo, yule wa Molo, akishuka kwenye lori la viazi ambalo safari hiyo lilibeba watu, yeye na binti yake na mtoto mchanga wa binti yake. Walikuwa na godoro moja na sufuria. Baada yao wakaja majirani zao wengine, wakalala sebuleni, jikoni, chini ya meza ya kompyuta miguu yao ikigusa sanduku. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuchapisha. Waya wangu wa soketi nyingi ukawa wa kuchaji simu, zikapangwa sakafuni kwa mstari, na kila moja ikilia watu wote walinyamaza mpaka ijulikane ni ya nani. Nilishinda nikisafisha matundu ya chaja kwa mswaki, maana wakati huo simu isiyochaji ilikuwa ndugu asiyepatikana.

Mtoto wa Molo alikuja na fulana tu. Mama alitafuta nyuzi nyumba nzima, na maduka yalikuwa yamefungwa. Asubuhi moja nilimkuta amekipakata kile kitambaa cha kompyuta, chenye maua ya bluu, ameshika ncha ya uzi anavuta. Kilifumuka mstari kwa mstari, ua kwa ua, naye akiviringisha sufu kwenye vidole vyake. Ndicho kilikuwa kitambaa chake kizuri kuliko vyote. Mimi niliyetamani kukiona kimetoka, nililitazama ua la mwisho mpaka likaisha. Kabla ya giza kuingia mtoto alikuwa na sweta, na siku ya pili kofia, ambayo ilitoka kwenye kitambaa cha sanduku.

Kompyuta ikabaki wazi kati ya watu wengi, milango ikifunguliwa mchana kutwa, na vumbi likaja kuchukua haki yake. Watu walipoanza kutawanyika na mimi nikataka kurudi kazini, haikuwaka. Nilipofungua ubavu nilikuta feni imevaa blanketi la vumbi lililoshikana kabisa. Mama akaleta pampu bila kuambiwa. Tulipuliza, tukapiga brashi, tukasugua RAM kwa kifutio, mama mdogo akitushikia tochi, na ilipowaka yeye ndiye aliyepiga makofi. Ni yeye aliyemlisha yule ng'ombe kwa mikono yake, kwa hiyo kompyuta ilimhusu.

Mama akaniangalia. "Sasa umeona vumbi?"

"Nimeona."

"Nikipata nyuzi nitaifumia ingine."

Nikamwambia afume.

Hakuwahi kukimaliza hicho kipya nikiwepo. Katikati ya mwaka nilipata kazi Nairobi, kampuni iliyotaka mtu wa kutunza kompyuta zao, na niliipata kwa sababu nilijua kuanza na usafi kabla ya kununua. Sikushuka Naivasha, na kompyuta haikufa. Mashine ilikuwa nzima, ikifanya kazi vizuri, na mimi nikaenda tu. Mama alinifungia chapati kwenye gazeti, akasema niende nisichelewe. Hakusema neno juu ya ahadi yangu ya kukaa. Ningependa angesema.

Nilirudi Desemba. Mama mdogo alikuwa amesharudi Molo, nyumba imetulia, vitambaa vyote vimetiwa wanga, sijui na nani. Kwenye kona ya dirisha kompyuta ilikuwa imevaa vipya, rangi ya maziwa tena, maua safari hii mekundu. Nilipoinama kutazama lile sanduku nikaona kitambaa chake hakikuziba nyuma. Mahali pa feni palikuwa na tundu la duara, saizi ileile hasa, ukingo wake umefumwa kwa uzi maradufu usilegee. Kwenye kisogo cha monita, juu ya yale matundu, palikuwa na dirisha jingine.

Nilimuuliza ameiwasha mara ngapi tangu niende.

"Mimi naiwashia nini?" akasema. "Sijui hata kuiwasha. Lakini wewe ukikuja, usisumbuke kuitoa nguo. Hiyo unaweza washa ikiwa imevaa. Nimeiachia mahali pa kupumua."

Nilipapasa chini ya meza nikabonyeza. Ikachelewa, kama kawaida yake, kisha feni ikaanza. Mama akapeleka kiganja kwenye lile tundu, akakiacha hapo, upepo ukitoka katikati ya vidole vyake. Sikuwa na kitu cha kuchapa. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, na hatukuizima mpaka chai ikawa tayari.