Josho Lililobaki Maji

Wanafunzi wangu huuliza serikali hupunguzaje pengo la bajeti. Nawaambia si jambo gumu: matumizi yakizidi mapato, itatoza kodi zaidi, itauza mali, au itapunguza matumizi. Kisha nawaeleza habari za josho, maana neno "kupunguza" nililijulia huko.

Miaka ya tisini baba alikuwa mhudumu wa josho la serikali nje kidogo ya Kitengela. Sisi ni Wakamba, lakini Wamaasai waliomletea ng'ombe kila Alhamisi waogeshwe dawa ya kupe walimwita daktari. Hakuwa daktari, ila alipenda kuitwa hivyo.

Halafu dawa ikaacha kuletwa kutoka ofisi ya wilaya, Kajiado. Ofisini wakamwambia serikali inapunguza gharama, wenye ng'ombe wachange wanunue wenyewe. Baba hakuwaambia. Aliogopa kwamba wakikataa kuchanga, josho litafungwa naye apunguzwe kazini. Basi akapunguza yeye: mtungi wa mwisho wa dawa akaugawa, akimimina joshoni kikombe kimoja kila wiki, baadaye nusu. Mama alitafuta kikombe chake cha chai siku nyingi.

Jirani yetu, mjane wa Kimaasai, alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, chotara wa kigeni, na maziwa yake ndiyo yaliyomlisha. Hakukosa Alhamisi hata moja. Ng'ombe akavimba tezi chini ya masikio, akapumua kwa shida. Ilikuwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Akafa Jumapili.

Kesho yake mjane alisimama mlangoni petu.

"Sopa, daktari," akamsalimu baba kwa Kimaasai.

"Ipa, mama."

"Nauliza tu. Siku hizi kupe zimejua kuogelea?"

Mama alianza kucheka, akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Dawa iliisha," baba akasema. "Serikali inapunguza."

"Na wewe ukanyamaza."

"Niliogopa watafunga josho."

"Ungeniambia, ningezitoa kupe moja moja. Niko na mikono." Akaitazama ile mikono. "Sasa Alhamisi nitakuletea nini?"

Alhamisi iliyofuata baba aliwaambia wenye ng'ombe wote ukweli, akiwa amesimama kando ya josho. Walimsikiliza hadi mwisho, wakageuza mifugo yao. Barua ya kumpunguza ilifika kabla ya mwaka kuisha.

Wanafunzi huuliza kama serikali ilikosea. Nawajibu kwamba pengo lilikuwa la kweli, na lilihitaji kuzibwa. Kisha nawaambia kuhusu mjane yule, ambaye kwa miaka yote iliyobaki alikutana na baba njiani na kumsalimu kwa adabu, bila kumwita daktari tena.

"Sopa," alisema, akapita.