Bi Sekunde Kumi

Msimamizi wangu tulimwita Bi Sekunde Kumi. Yeye ndiye aliyefundisha idara nzima ya tiba ya usemi kwamba ukimuuliza mgonjwa swali, ungoje sekunde kumi kabla ya kumsaidia. Kanuni nzuri mno. Ameibandika kwenye kila ukuta. Mwenyewe hajawahi kufika sekunde ya tatu.

Katika miezi kumi na moja ya mafunzo sikumaliza sentensi hata moja mbele yake. Nikisema "Mama, nadhani huyu mgonjwa...", ananidakia, ananimalizia, kisha ananipongeza kwa wazo langu. Ripoti zake mbili zikasema: "Mkimya. Hajiamini." Nilikereka, lakini ningemwambia saa ngapi? Siku hiyo ilikuwa ripoti ya tatu, ya mwisho. Asiposaini, hakuna leseni, narudia mwaka.

Mgonjwa alikuwa fundi seremala. Kiharusi kilimwachia akili zake zote, kikamnyang'anya maneno. Mkewe alikaa kando, mkoba mapajani. Nikaweka picha mezani.

"Hii ni nini, mzee?"

Moja. Mbili. Nikasikia msimamizi akivuta pumzi.

"Ny..." msimamizi akaanza.

Nikanyoosha kiganja mbele ya uso wake kama trafiki, bila hata kugeuka. Leseni ndiyo hiyo inakwenda, nikawaza. Sita. Saba. Jasho lilimtoka mzee. Tisa.

"Nyundo," akasema. Akameza mate. "Yangu... iko wapi?"

Miezi minne hakuwa ameuliza chochote. Mkewe akafunika uso kwa mkoba. "Iko nyumbani, baba watoto. Sijaigusa."

Ofisini, msimamizi alishika kalamu na fomu yangu.

"Umeninyamazisha mbele ya mgonjwa. Kwa nini?"

"Samahani, Mama, nilitaka..."

"Ulitaka ku..."

Akajikatiza. Akabana midomo, akakodolea macho saa ya ukutani. Alikuwa ananingoja, na ilimuuma waziwazi. Nami nikakwama. Miezi yote hiyo sikuwahi kuandaa mwisho wa sentensi, maana mwisho ulikuwa kazi yake. Sekunde kumi zikapita. Zikapita nyingine.

"Nilitaka amalize mwenyewe," nikasema.

Akaandika, akasaini, akanisukumia karatasi: "Bado haongei vya kutosha. Apewe leseni."