Bawa Lisilo na Mota

Kiwandani karibu na Silibwet kuna kifaa cha kupima unyevu wa majani ya chai, lakini kabla majani hayajateremshwa kusagwa, msimamizi bado humwuliza Wilkista Adongo. Yeye huchota konzi moja, huiminya, kisha hufungua kiganja. Donge likifumbuka polepole, kama mtu anayeamka bila haraka, chai imenyauka vya kutosha. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na anakaa katika nyumba ya kiwanda ambayo mlango wake unafungukia kwenye michai.

Kiganja hicho ndicho kilichomwingiza katika mambo ya ndege. Miaka mitatu iliyopita Weldon Kipkurui, anayezunguka kwa pikipiki akipandisha ng'ombe kwa sindano, alirusha kindege cha rimoti kikagonga nguzo ya ua na kupasuka. Wilkista alikuwa akipita, ametoka zamu. Aliokota kipande, akakiminya, kikabomoka kama kitumbua kilicholala. Alimwambia Weldon kwamba kosa si la nguzo. Wiki iliyofuata alimletea sponji ya aina nyingine, ile nyeusi inayofungiwa mashine mpya zinaposafirishwa, ambayo ukiikunja hurudi ilivyokuwa.

Tangu hapo hutengeneza mwenyewe. Hukata sponji kwa waya uliopashwa moto, huipa umbo la bawa tupu, lisilo na mkia wala tumbo, kisha hulivika selotepu yenye nyuzi. Yeye na Weldon hufunga utepe wa karatasi nyuma ya kila bawa, wakapigana angani: ukate utepe wa mwenzako, au umgonge mpaka aanguke. Aliyeanguka huokota bawa lake, hulipangusa, hulirusha tena. Saa hizo Wilkista husimama shingo imeegemea nyuma, rimoti kifuani, na baada ya muda hawezi kusema kwa hakika kama miguu yake ingali chini.

Pa kurushia ni mahali pamoja tu. Kwingine kote ni chai, imefika hadi ukingo wa barabara. Malisho ya Kogo Chepkurui ndiyo peke yake yaliyo wazi, mteremko wa nyasi unaotazama bonde la mto Nyangores. Kogo ni mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na mizinga kadhaa ya nyuki, na hakuwahi kuwawekea sharti lolote mpaka siku ambayo Chelel, ng'ombe wake mweupe, alisikia mabawa mawili yakikimbizana, akainua mkia, akavunja ua na kutokomea kwenye chai. Jioni hiyo ng'ombe alibana maziwa, yasitoke. Walirusha tena Jumapili iliyofuata, akabana tena.

Kogo alilipeleka shauri kwenye kokwet, kikao cha majirani, naye Wilkista akaitwa. Alikaa kwenye nyasi pamoja na wengine, mikono mapajani. Shamba la kwao liko kando ya ziwa, mbali. Hapa hana hata upana wa mkeka unaoitwa wake. Akinyimwa mteremko huu, basi hataruka tena.

"Mama Clifford," Kogo alimwambia Wilkista kwa jina la mwanawe, "sina ubaya na bawa lako. Lakini Chelel hajui kwamba huo ni mchezo."

Weldon alijaribu kueleza kuwa mnyama huzoea. Johana, jirani wa upande wa chini, hakumwacha amalize.

"Wewe nyamaza, daktari. Ng'ombe wa hapa wanakukimbia hata ukija bila ndege."

Watu walicheka, Kogo naye akajifunika mdomo kwa leso. Kisha uamuzi ukatolewa. Alhamisi warushe mara moja, kabla tu ya kukamua. Chelel akiachilia maziwa, waendelee. Akibana, malisho yamefungwa.

Walipotawanyika, Wilkista alimwuliza Kogo huyu ng'ombe anaogopa nini hasa, maana alikuwa ameona kwamba hatazami juu. Hugeuza masikio tu.  Kogo alisema Chelel alipokuwa mtamba, nyuki walitoka mzingani wakamvamia mama yake aliyefungwa kwenye mti, naye aliyaona yote mpaka mwisho. Wilkista alirudi nyumbani, akawasha mota ya bawa lake kwa dakika moja, amefumba macho. Walikuwa nyuki kabisa. Miaka mitatu alikuwa akiisikia sauti ile na kuipenda.

Weldon alishauri waruke juu zaidi, mbali na masikio. Wilkista alichukua bisibisi, akaing'oa mota na pangaboi yake.

"Huo sasa ni mto wa kulalia," Weldon alimwambia. "Utaurusha uende wapi?"

Jibu lilikuja kwenye zamu ya Jumanne. Juu kiwandani majani hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa hupuliza hewa kutoka chini. Alikuwa akipita kati ya vitanda aliposimama kutazama jani moja jepesi likiinuka, likatulia hewani juu ya wenzake, halipandi wala halishuki. Ameliona jambo hilo maelfu ya mara. Safari hii aliwaza juu ya upepo wa alasiri unaotoka upande wa ziwa, unaofika kwenye mteremko wa Kogo na kukosa pa kwenda ila juu.

Jumatano alilitupa bawa kutoka ukingoni, likazama kwenye chai. Alilifuata, michai ikimkwaruza kiunoni. Mara ya pili likazama. Aliitoa betri kubwa akatia ndogo, akachomeka bolti kwenye pua ili uzito uende mbele. Mara ya nne lilishuka kidogo, likasita, kisha upepo ukalibeba.

Alhamisi saa kumi majirani walikuja. Weldon alileta bawa lake, nalo limeng'olewa mota, akilalamika kwamba anaaibishwa mbele za watu. Wakarusha.

Hapakuwa na sauti. Mabawa mawili meusi yalikaa juu ya bonde kana kwamba yametundikwa, tepe zikiyumba nyuma yao, na chini yao chai ilishuka kijani mpaka mtoni. Wilkista aligusa rimoti kwa ncha ya kidole, bawa likainama, likateleza, likarudi. Mwanga wa alasiri ulikuwa mzito kama asali.  Yalipogongana ulisikika mpigo mdogo, kama mtu anayepiga mto wa kitanda, na yote mawili yakabiringika, yakajiinua. Mgongano wa tatu ulilishusha bawa la Weldon hatua mbili kutoka kwa Chelel. Chelel alilinusa. Akalilamba upande mmoja, akalikanyaga alipokuwa akigeuka, akaendelea na nyasi.

"Usiliokote," Wilkista alimwambia Weldon. "Muache kwanza."

Kogo alileta ndoo na kigoda. Ndama alinyonya kidogo, akavutwa pembeni. Kogo aliosha kiwele, akaanza kukamua huku akiimba kwa sauti ya chini. Hakuna kilichotoka. Wilkista alilitua bawa lake bila kulitazama. Kogo aliendelea kuimba, vidole vikishuka, vikishuka, na Chelel akapumua kwa nguvu, akalegeza mguu wa nyuma. Mchirizi wa kwanza uligonga bati la ndoo, kisha wa pili, halafu Wilkista akashindwa kuutenga mmoja na mwingine.

Ndoo ilijaa.

"Jumapili msije kabla watu hawajatoka kanisani," Kogo alisema akiinuka. "Na ile mota, mama, ikae huko kwako."