Chuma Nilichomnunulia Dada Yangu

Dada yangu mkubwa alirudi nyumbani Garissa na begi moja na dumu dogo la samli. Alikuwa ametoka Rhamu kwa basi, siku mbili njiani, na watoto wake wawili walibaki huko. Mumewe alikuwa amempa talaka. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakanywa chai, wakaamua watoto wabaki kwa baba yao, ambako kuna shamba kando ya mto Daua, kuna nyanya wa kuwalea na shule iko karibu. Yeye arudi kwao. Binti alikuwa na miaka saba. Kijana alikuwa ndio kwanza ameacha kunyonya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sijaolewa, na ninaishi na mama yetu katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa mabati. Tulimtandikia dada godoro chumbani kwangu, tukangoja alie. Hakulia. "Mwache," mama alisema, "machozi yana siku yake." Miezi ikapita. Dada alikuwa akifua nguo zetu zote, akizianua na kuziona hazijatakata, anazirudisha kwenye beseni. Mikono yake ilibabuka kwa sabuni.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimekaa uani nikitazama video kwenye simu. Mwanamke wa nchi za mbali, mpana wa mabega, alishika msumari mrefu uliozungushiwa kitambaa, akaukunja kwa mikono mitupu mpaka ncha mbili zikakaribia kugusana. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na sikujua.

"Rudisha," alisema.

Nikairudisha. Aliitazama mara nne. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, lakini kilikuwa cha kwanza tangu arudi.

"Abaayo," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana sisi dada kwa dada, "nitafutie msumari kama huo."

Dada alikuwa na nguvu tangu utoto. Tulipokuwa tunaishi Bura, kabla ukame haujatumalizia mifugo, yeye ndiye aliyefunga mizigo juu ya ngamia, amekanyaga ubavu wa mnyama kwa mguu mmoja, kamba anaivuta mpaka inalia. Wavulana wa rika lake walikataa kushindana naye kuvutana mikono. Walisema ni haramu, lakini tulijua wanaogopa.

Jumatatu nilipitia kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikanunua misumari ya inchi nne. Niliichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei, na nilidhani mfupi ndio mwepesi. Kumbe ni kinyume chake. Msumari mfupi hauna pa kushika. Ukishaufunga kitambaa pande zote mbili, katikati panabaki nafasi ndogo tu. Dada alikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na msumari ukabaki umenyooka kama alifu. Nikarudi dukani kuchukua ya inchi tano, ambayo ni mirefu na bado ni myembamba. Mwenye duka, mzee wa hapa kwetu, alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, unajenga?"

"Ua, mzee."

"Ua wa mabati kwa misumari mirefu hivi?"

Nikamhesabia pesa. Ningemwambiaje?

Msumari wa kwanza ulimchukua dada siku tatu. Mwanzo ndio mgumu, ule wa kuutoa kwenye unyoofu wake. Ukishakubali kidogo, unasukuma mikono yote miwili kuelekeana mbele ya kifua, halafu mwisho unafumbata viganja na kukamua ncha zije pamoja. Alipoumaliza alikimbia kuniletea jikoni, akauweka shavuni kwangu. Ulikuwa moto. Sikujua kwamba chuma kikikunjwa hupata joto. "Umeona?" akasema. "Umeona?" Mama akaja kutazama, akashika kiuno, akasema, "Subhanallah, na mimi nilidhani mwanangu amekwisha."

Siku ya pili mama mwenyewe alikwenda soko la mifugo akarudi na kipande cha ngozi ya mbuzi. Akailainisha kwa samli, akaikata vipande viwili vya kufungia misumari, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinamchuna dada viganja.

Misumari ya kununua ilikuwa inaisha haraka, na msumari ukishakunjwa haunyooshwi ukarudi kuwa kama mpya. Tulikuwa tunakula mshahara wangu mmoja watu watatu. Basi nikaanza kutazama chini nikitembea. Karibu na shule palikuwa pakijengwa nyumba ya ghorofa, na fundi wa vyuma pale, Mkamba wa Mwingi, kazi yake ilikuwa kukata nondo nyembamba laini na kuzikunja ziwe ringi za kufungia nguzo. Vipande vya mwisho, urefu wa shubiri moja hivi, alivirusha kwenye rundo la kokoto. Nikamwomba.

"Chukua, mwalimu, hizo tunatupa. Za kazi gani?"

"Dada yangu anazikunja."

"Na mashine?"

"Na mikono."

Alicheka mpaka akaweka msumeno chini. Lakini kesho yake nilikuta amenitengea vipande kumi kwenye kopo la rangi, virefu mbele, vifupi nyuma, ili dada aanze na vile vyepesi. Tangu hapo kila nikipita aliuliza, "Amekunja?" Nikisema ndiyo, anampigia makofi mtu ambaye hajawahi kumwona. Dada naye alianza kula. Akaacha kufua nguo safi.

Huyo fundi ndiye aliyenifundisha chuma. Alisema nondo laini ya mviringo haina shida, ile ya mikwaruzo ni ngumu zaidi, mpaka mtu azoee. "Na kitu chochote kilichotoka kwenye mashine au kwenye gari, wacha. Kile kimepikwa kikawa kigumu. Hakikunjiki, kinavunjika." Akanionyesha namna ya kupima kwa tupa. Ukisugua tupa juu ya chuma laini, inauma na kutoa unga. Ikiteleza kama juu ya kioo, usimpe mtu akikunje. Nilimwelewa vizuri. Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilimwelewa.

Kila Ijumaa baada ya swala, baba yao aliwapa watoto simu waongee na mama yao. Kijana alikuwa anatazama kioo cha simu kidogo, halafu anakimbia. Binti ndiye aliyebaki. Siku dada alipomwonyesha nondo aliyoikunja, binti alipiga kelele mpaka kuku wa kule Rhamu wakasikika wakiruka.

"Hooyo," alimwita mama yake kwa lugha yetu, "ni wewe?"

"Ni mimi mama yako."

"Mimi nataka kuona na macho yangu!"

Baba yao alikubali. Sijui kilichomlainisha. Alisema likizo ya shule ikifika atawaleta watoto Garissa wiki mbili. Dada alimwahidi binti kwamba atakunja chuma kipya mbele yake, kisha atampa aende nacho shuleni akawaonyeshe wenzake. Mama alinunua kanga mbili za kukata nguo za mtoto. Mimi nilihamisha vitabu vyangu ili kupata nafasi ya magodoro.

Wakati huo ghorofa ilikuwa imefika paa. Fundi alikwisha rudi kwao, na vipande vilikuwa vimetuishia. Zilikuwa zimebaki siku tisa watoto waje, na dada alitaka kufanya mazoezi kila siku asije akaaibika mbele ya binti yake. Nilikwenda kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu nje kidogo ya mji. Huko nikakuta fimbo za chuma sita, nyembamba, nyeusi kwa mafuta, na chini ya mafuta zinang'aa. Urefu wake ulikuwa ule ule tunaoutaka. Zilitolewa kwenye mashine fulani iliyokufa. Bei yake ilikuwa ya chai na mandazi.

Muuzaji alizifunga kwa kipande cha mpira. "Unafanyia nini?"

"Kukunja."

"Hii haikunjiki, mwalimu. Hii ni ngumu sana."

Nilisimama pale. Tupa sikuwa nayo, na yeye alikuwa nayo mezani, mkono wangu ungeifikia. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na vitabu vya kusahihisha, na fimbo zilikuwa rahisi. Nilijiambia labda yeye hajui nguvu za dada yangu. Nikalipa, nikaondoka.

Dada alihangaika na fimbo ya kwanza siku mbili. Haikusogea hata unene wa uzi. "Hii ni ya wanaume," alisema akitabasamu, na mimi nikarudi kwenye vitabu vyangu vya kusahihisha. Asubuhi ya siku ya tatu, baada ya chai, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akafunga ngozi, akavuta pumzi. Nilikuwa ndani nikifunga hijabu niende shule. Nilisikia mlio kama tawi kavu linavunjika, kisha mama akiita jina la Mungu.

Fimbo ilikuwa imekatika katikati. Upande mmoja ulipita kwenye ngozi ukaingia kiganja cha kulia, chini ya vidole. Dada alikuwa anaushangaa mkono wake kama wa mtu mwingine. Tulimfunga leso, tukampeleka hospitali kwa tuktuk. Daktari alimshona, akatueleza kwa upole kwamba kano mbili zimekatwa. Alijaribu kuziunganisha. Kidole cha kati na cha pete havijafumba tangu siku hiyo.

Mji huu habari haikai. Mtu alimwambia mtu wa Wajir, na wa Wajir akamwambia wa Rhamu. Siku nne kabla ya safari nyanya wa watoto alipiga simu mwenyewe. Dada aliiweka simu sauti wazi kwa sababu hakuweza kuishika vizuri.

"Nimesikia unavunja vyuma kwa mikono," mama mkwe wa zamani alisema. "Mwanamke mwenye akili zake hafanyi hivyo. Mimi wajukuu zangu siwapeleki kwa mtu wa namna hiyo."

"Mama, ilikuwa ajali."

"Upone kwanza. Tutaona likizo nyingine."

Ndipo dada alipolia. Alilia mkono ukiwa pajani umefungwa bandeji, hakuuficha uso, na mama alikaa karibu naye mpaka adhuhuri akimpangusa kwa upindo wa shuka lake. Mimi nilikwenda shule. Nilifundisha ngeli za nomino siku ile, na sikumbuki hata sentensi moja.

Likizo nyingine ilikuja, watoto hawakuja. Iliyofuata pia. Mwishowe, mwaka uliopita, nikaomba ruhusa kazini tukaenda wenyewe Rhamu, mimi na yeye. Walitupokea kwa heshima. Tuliletewa maziwa, tukatandikiwa mkeka chini ya kibanda cha shambani. Kijana alikuwa amekua. Alifundishwa adabu vizuri, akaja akampa mama yake mkono na kusema, "Karibu, eeddo." Eeddo kwetu ni shangazi. Hakuna aliyemsahihisha. Dada alisema, "Ahsante, mwanangu," na kijana akadhani ni lile neno tu ambalo wakubwa wote huwaita watoto.

Binti alikaa mbali kwa muda mrefu akitutazama. Halafu akaenda kwenye nguzo ya kibanda, akang'oa msumari mdogo wenye kutu, akaja akauweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Hooyo, kunja."

Dada aliutazama ule msumari. Haukuwa hata wa inchi tatu, hata mwenye mikono mizima asingeuweza. Hakusema hivyo. Aliushika, akajaribu kweli, nikaona vile vidole viwili vimesimama wima huku vingine vinatetemeka. Msumari ukamponyoka ukaanguka mkekani.

"Si kitu," binti akasema. Akauokota, akautia mfukoni mwa gauni lake, akaenda kuchota maji.

Kwenye basi la kurudi, tulipokuwa tumepita El Wak, nilimwambia kila kitu. Nilimwambia fundi alinifundisha kupima kwa tupa, na muuzaji alinionya, na tupa ilikuwa pale mezani. Nilisema haraka haraka, nikitazama vichaka dirishani.

"Mimi nilijua," akasema. "Msumari hata ukikushinda, unausikia unafikiria. Kile chuma kilikuwa kimya. Siku ya kwanza tu nilijua hakitakunjika."

"Basi kwa nini hukuacha?"

"Zilikuwa zimebaki siku sita, abaayo, na sikuwa na kingine."

Hakunilaumu siku ile wala baadaye. Wakati mwingine natamani angenilaumu. Siku hizi anauza maziwa ya ngamia asubuhi, anabeba dumu kwa mkono wa kushoto, na wateja wanampenda kwa sababu hapunji kipimo. Misumari hajaigusa tena. Ijumaa simu bado inalia. Binti anaongea masomo yake, anaongea mvua, kisha anamwita mdogo wake. Kijana sasa anasema "hooyo." Lakini kabla hajasema, sote watatu uani tunasikia sauti ya dada yake ikimnong'onezea neno lenyewe.