Kuomba Kura Malaba, Mwaka wa Kukadiriwa Ploti

Niliondoka Busia kwa sababu ya ploti ya shemeji yangu. Waliosema nilikuwa natafuta ukubwa siwalaumu, maana jina na picha yangu vilibandikwa kwenye kila mti wa barabarani, lakini mimi najua kilichonitoa nyumbani. Amoding, mjane wa kaka yangu, alikuwa na ploti moja pale Malaba, duka mbele na vyumba nyuma. Kanseli, halmashauri ya pale, ilikuwa imeikadiria kama mali ya tajiri, kodi ikapanda hadi ikamshinda, naye akaletewa ilani kwamba asipolipa itauzwa kwa mnada. Hakuwa peke yake, wengi pale walikuwa wanalia kilio hicho hicho. Mimi nilikuwa karani wa ajenti wa mizigo mpakani, mtu wa hasira za karibu, na siku niliposoma ilani ile nilisema nitasimama udiwani ili kazi ya kukadiria ploti ifanywe kwa haki. Ilikuwa miaka ile ya sabini ambapo mpaka ulifungwa leo na kufunguliwa kesho, na biashara ya Malaba haikujua kama iko hai au imekufa.

Busia, asubuhi. Nilipita na baiskeli yangu katikati ya malori yaliyolala foleni. Wabadilishaji pesa walikuwa wamekwisha amka, na vijana wa boda boda walikuwa wanapangusa viti vya baiskeli zao wakingoja wa kuvuka. Turnboy mmoja, utingo wa lori, aliyekuwa anapika chai chini ya trela alinitambua kutokana na zile picha za mitini.

"Boss, kampeni na baiskeli? Wenzako wako na gari!"

"Gari haiingii kwa boma za watu," nikamjibu.

"Lakini inaingia kwa macho yao!"

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka kidogo kwa ajili ya adabu. Moyoni sikuwa na kicheko. Siku za ilani zilikuwa zinayoyoma, na nilikuwa nimesikia kwamba, kwa ajili ya malalamiko, afisa wa kukadiria angerudi Malaba wiki ile ile kuangalia upya. Baada ya hapo asingerudi tena.

Alupe, jua likianza kuchoma. Barabara ilikuwa ya murram, nyekundu, na kandoni watu walikuwa wameanika muhogo uliomenywa. Nilishuka kuwasalimu wanawake waliokuwa wanapalilia njugu. Mmoja aliniuliza nataka kura ya nini. Nikamweleza habari za ploti na kodi, nikaeleza kwa kirefu, maana nilikuwa nimeyakariri maneno yangu. Alinisikiliza hadi mwisho akiegemea jembe.

"Sisi hatuna ploti," akasema. "Tuko na shamba. Lakini umetusalimia, hiyo tumeshika."

Nikapanda baiskeli bila kujua kama nimepata kura au nimekosa.

Kocholia, mchana. Nilimfikia Mzee Omuse, mwenye ploti karibu na hospitali, mtu aliyesikilizwa katika wadi yote. Alinipa maji, kisha mihogo ya kuchemsha, kisha akanisimulia jinsi afisa alivyokuja kwake mara ya kwanza.

"Tulisikia mgeni wa serikali anakuja. Nikapaka chokaa huko mbele yote. Nikaazima viti za kanisa. Bibi akachinja kuku."

"Halafu?"

"Hakushuka hata. Aliangalia kwa dirisha ya Land Rover, akaandika, akaenda. Kuku tulikula sisi wenyewe."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Nikamwuliza kama Malaba nao walifanya hivyo hivyo. Akasema kila mtu alifanya hivyo, kwani mgeni anakaribishwaje? Basi ndiyo sababu! Mtu mwenye nyumba inayovuja alipaka chokaa upande wa barabarani, akapanga viti vya kuazima barazani, afisa akaona tajiri, akaandika tajiri. Pale pale nikapata hotuba yangu mpya. Safari hii watu wasipake chochote, wasiazime kiti, wasichinje, ili afisa aone hali ilivyo. Nilipomwambia Mzee Omuse alitikisa kichwa.

"Hiyo maneno usipeleke Malaba," alisema.

Niliyapeleka.

Malaba, alasiri. Mabehewa ya mizigo yalikuwa yamesimama tu relini, na maduka mengi yamefungwa nusu mlango. Amoding alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda tangu tulipomzika kaka, lakini sauti ilikuwa ile ile, nzito na ya polepole. Sikumwambia nilichokusudia kusema. Kesho yake asubuhi watu walijaa uwanjani kwake, wenye ploti na wasio na ploti, nami nikasimama nikasema yote. Msipake chokaa. Msiazime viti. Akija, mkalisheni juu ya gunia mnalokalia ninyi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee waliangalia chini. Kisha Amoding akasimama, mwenye nyumba, mtu niliyekuwa nimemjia.

"Shemeji, mimi nimeolewa kwenu kwa ng'ombe," alisema. "Mgeni akuje kwangu akae kwa gunia? Wewe unataka kura ama unataka tuonekane kama watu hawana kwao?"

"Nataka ploti yako isiuzwe!"

"Ploti iuzwe. Lakini hawatasema Amoding alimnyima mgeni kiti."

Watu wakaondoka wawili wawili, wakiniaga kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma kuliko matusi. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba watu hawa wanajichongea jeneza wenyewe.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, afisa alifika. Amoding alikuwa ameamka kupaka chokaa ukuta wa mbele, mweupe hadi unaumiza macho, na viti vya majirani vilikuwa vimepangwa barazani. Afisa alikuwa mtu wa makamo, amechoka, kofia mkononi, dereva wake hakuzima injini. Aliutazama ukuta, akatoa kalamu. Amoding akaja na birika na beseni la kunawia.

"Mama, asante, lakini nina ploti nyingi za kuona."

"Mara ya kwanza ulienda bila kuonja hata maji yangu. Leo hutaenda hivyo, mzee. Nawa mikono."

Alisema kwa upole, lakini alikuwa amesimama kwenye njia ya kutokea. Afisa akamwangalia, akanawa. Dereva akazima injini. Tuliletewa ugali wa wimbi na muhogo, na kuku aliyeungwa kwa simsim. Kila tonge la yule bwana niliona ni bati la nyumba ya kaka yangu linang'olewa. Amoding hakusema neno la kodi. Aliuliza habari za watoto wa afisa, akamwongezea mchuzi, akamwekea firigisi, kipande cha mgeni wa heshima.

Afisa alipomaliza kunawa, Amoding alisimama akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Sasa umekula kwangu. Si mgeni tena. Kuja uone mahali nalala."

Akatangulia kuzunguka nyumba. Afisa akamfuata, nami nyuma yao. Nilidhani naijua nyumba ile, kumbe tangu mazishi sikuwa nimefika upande ule. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka na mvua, paa limeshikiliwa na gogo, na kitanda chake kimesukumwa kwenye pembe moja iliyobaki kavu. Binti zake walilala chini, kando ya masufuria ya kukingia maji. Nguo zao za ndani zilikuwa zimeanikwa pale pale, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Amoding hakuziondoa. Alisimama akiangalia pembeni, afisa aone.

Afisa aligusa gogo lililoshikilia paa.

"Kwa nini hukunionyesha mara ile?"

"Mara ile ulikuwa mgeni."

Akarudi barazani, akaketi tena, akauliza ambayo hakuwahi kuuliza: duka linafunguliwa siku zipi, wateja kutoka ng'ambo ya mpaka wamebaki wangapi, ukuta ulianguka lini. Aliandika polepole. Kisha akaenda kwa jirani, na jirani naye alikuwa na maji ya kunawa tayari.

Gari lilipoondoka mbele ya nyumba, Amoding aliketi kizingitini akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nilikuwa nimewaomba watu waanike umaskini wao hadharani, kwa mdomo mwepesi, kana kwamba ni kuomba kiberiti.

Asubuhi ya kurudi, alinisindikiza hadi njia ya reli.

"Shemeji, hicho chumba si cha kampeni."

"Nimesikia, mama."

Kocholia walikuwa wananingoja, umati mkubwa kuliko nilivyotarajia. Wakauliza nimewaletea nini kutoka Malaba. Nilikuwa na habari ya kuwaliza wote, na mwanasiasa yeyote angeisema. Niliwaambia tu kwamba nikichaguliwa, nitataka kila afisa wa kukadiria aingie ndani, aketi, apewe muda wa kula. Kijana mmoja akapaza sauti, "Huyu anagombea udiwani ama mpishi?" Walicheka sana. Mzee Omuse peke yake hakucheka.

Nilishindwa, tena vibaya. Ploti ya Amoding ilikadiriwa upya, kodi ikashuka hadi pale alipoweza kuibeba, na mnada haukuwapo. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba nilikwenda kuwatetea watu ambao sikuwa nimejua wanavyofungua mlango.

Miaka yote hii sikuisimulia. Hivi karibuni, ukuta ukiwa umejengwa na binti wote wameolewa, nilimwomba ruhusa niandike. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika, shemeji. Lakini uandike mgeni alikula kwanza."